Kamanda wa Mbwa Mmoja na Paka Mmoja

Kabla ya ile semina, mume wa fundi cherehani alikuwa mtu wa kawaida tu: mtunza stoo katika ofisi ya maji, mpole, mvivu wa kunyoa ndevu, anayependa mbwa wake na usingizi wa Jumapili. Semina yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Alirudi nyumbani mchana akiwa amevaa fulana ya bure iliyombana tumbo, filimbi shingoni, na uso wa mtu aliyekabidhiwa nchi.

"Kuanzia leo," alisema akiwa bado mlangoni, viatu miguuni, "nyumba hii inajiandaa na majanga."

"Janga lenyewe si ndilo hilo limesimama mlangoni," mkewe alijibu. Wala hakuinua mguu kwenye pedali ya cherehani.

Majirani walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Alikuwa na ulimi ambao wateja waliuogopa kuliko bei zake. Mwanamke akileta kitambaa cha kumtosha mtoto na kutaka ashonewe gauni la mtu mzima, Bi Sindano alimtazama juu hadi chini, kisha akamuuliza kama mwili uliobaki angeuacha nyumbani. Mumewe alikuwa ameishi na ulimi huo miaka mingi, na ngozi yake ilikwisha kuwa sugu.

Huko semina, alieleza, wameambiwa kila familia iwe na mpango wa kuhama kwa dharura, na mpango huo usisahau wanyama wa nyumbani. Watu wengi hukimbia wakaacha mbwa amefungwa mnyororo, paka amefungiwa chumbani, halafu ndiyo wanaanza kulia. Kwa hiyo yeye atashughulikia wanyama.

"Na watu je?" mkewe aliuliza.

"Watu wana akili zao."

"Wengine."

Dada wa mume, wifi yake Bi Sindano, alikuwa kwenye kochi akimenya chungwa. Alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili, na sasa alikuwa na kabati lake mwenyewe. "Mwache kaka yangu," alisema. "Huyu tangu utotoni ni mtu wa mipango."

Mpango mmoja wa huyo mtu wa mipango ulikuwa bafu la nje ambalo hadi leo lilikuwa kuta tatu, lakini Bi Sindano alirudisha macho kwenye mshono. Alikuwa na shughuli.

Wiki hiyo hiyo Kamanda, kama alivyoanza kuitwa na kinyozi wa jirani, alileta vizimba viwili vya plastiki vyenye milango ya nyavu za chuma: kikubwa cha Bosi, mbwa wao mzee wa rangi ya vumbi, na kidogo cha Pamba, paka ambaye hakuwahi kumtii mtu tangu azaliwe. Mazoezi yakaanza. Filimbi ilipulizwa uani, na wanyama walitakiwa kuingia vizimbani kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: Kamanda anapuliza filimbi, Pamba anapanda juu ya paa, Bosi anasimama akimwangalia bwana wake kwa huruma. Kamanda anamshika Bosi kiunoni na kumsukuma kizimbani makalio mbele, wifi anapiga makofi. Siku ya pili alifanikiwa kumnasa Pamba, akamtia ndani kwa nguvu, akamzungusha mtaani kwa gari ili azoee. Pamba alizoea kwa kutapika, na kwa mengine. Gari lilinuka mpaka wifi akaanza kwenda sokoni kwa miguu.

Baada ya hapo filimbi ilitosha. Ikilia tu, Bosi anajificha nyuma ya tangi la maji, na Pamba haonekani tena mpaka chakula cha jioni.

"Wanaelewa ishara," Kamanda alisema kwa fahari.

"Wanaielewa sana," mkewe alisema. "Ishara ya kukukimbia wewe."

Kizimba kidogo kilikosa pa kukaa, kikaletwa chumba cha cherehani. Kamanda aliagiza kisiguswe kwa kuwa ni kifaa cha dharura. Alipotoka, Bi Sindano akakisukuma kwa mguu chini ya meza na kuanza kutupia humo mabaki ya vitambaa. Si kwamba alikuwa na nia yoyote. Alikuwa anamdharau mumewe tu, na kizimba kilikuwa karibu. Siku chache baadaye akaona mkia mweupe umening'inia nje ya mlango wa nyavu. Pamba alikuwa amelala juu ya vipande vya satini, tumbo juu, kama mke wa mheshimiwa. Bi Sindano hakumwambia mtu. Aliona raha kujua kwamba kifaa cha dharura kimekuwa kitanda, na mwenye semina hana habari.

Dharura ilikuja asubuhi ya siku ya kazi, wakati Kamanda yuko likizo. Mtaa wa chini kulikuwa na kiwanda cha barafu, na bomba la gesi ya kupozea lilipasuka. Kwanza ilisikika harufu kali ya kuchoma pua, kama mtu amefungua chupa ya dawa ya choo usoni mwako. Kisha gari la manispaa likapita na kipaza sauti: watu wote watoke, wapande juu kuelekea shule ya msingi, wasielekee chini, wafunike pua kwa nguo mbichi.

Kamanda alitoka chumbani tayari amevaa fulana. Bi Sindano alimwangalia akapata shaka kwamba alilala nayo.

Filimbi ikalia. Bosi akatoweka.

Lakini safari hii Kamanda alikuwa na akili ya ziada. Kizimba kikubwa kilikuwa kimekwisha pakiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, blanketi la mbwa ndani, na juu ya blanketi kipande cha nyama. Bosi alichungulia, akanusa, akaingia.

"Kaingia!" wifi akapiga kelele. "Kaka, kaingia!"

Aliingia kweli. Alichukua nyama yake, akageuka, akatoka, akarudi zake nyuma ya tangi. Lakini wakati huo wifi alikuwa amekimbilia mkoba wake, Bi Sindano alikuwa anafunga madirisha, na Kamanda alikuwa ndani akitafuta shuka, maana semina ilisema mnyama akifunikwa hutulia. Alirudi mbio, akaona blanketi limevimba katikati, akafunga mlango wa kizimba, akatupa shuka juu, akaufunga mlango wa gari kwa kishindo.

"Na mimi nakaa wapi?" mkewe aliuliza.

Kamanda alisita kidogo. Gari lilikuwa dogo. Mbele ni yeye na dada yake mwenye magoti mabovu. Nyuma ni kizimba, ukuta kwa ukuta.

"Wewe uko kundi la pili," alisema. "Mpango unasema kundi la pili linatembea. Ni hapo juu tu. Pamba ataonekana baadaye, paka wana roho ngumu."

Bi Sindano aliyapima maneno hayo taratibu, kama mtu anayepima kitambaa anachojua ni kifupi. Mbwa amepewa siti. Mke amepewa namba.

"Nenda, Kamanda," alisema. "Nenda usije ukachelewa kupokewa."

Gari liliondoka. Yeye alirudi ndani, akalowesha mtandio kwenye ndoo, akaufunga usoni. Macho yalikuwa yameanza kumwasha. Alipoinama kuchukua mkoba wake chini ya meza ya cherehani, Pamba alikuwa palepale kwenye satini zake, ameudhika na kelele lakini hana mpango wa kuhama. Bi Sindano alifunga mlango wa nyavu. Kazi ikaisha. Hakuna filimbi, hakuna makofi.

"Na wewe umepata siti," alimwambia.

Alikuwa anafunga mlango wa uani alipoona masikio mawili yakichungulia nyuma ya tangi.

Alisimama pale na kizimba mkononi. Kwanza alicheka, kicheko kifupi kilichomwingizia gesi kifuani. Kisha ikamjia picha ya mumewe anaendesha kwa heshima zote, amebeba blanketi, na hasira ikampanda mpaka utosini. Alimwita mbwa. Mbwa hakusogea, alikuwa anatetemeka. Akamwita tena kwa sauti kali, ndiyo kwanza masikio yakazama. Harufu ilikuwa inazidi. Kinyozi alipita nje mbio, akampigia kelele, "Bi Sindano, toka! Mbwa atajitafutia!"

"Pita!" alijibu. "Wewe hata wembe hujitafutii, kila siku unaazima!"

Hakujua afanye nini, na ukweli ni kwamba aliogopa. Akafanya kile afanyacho kila jioni: aliingia jikoni, akachukua sufuria ya mbwa, akaigonga kwa mwiko. Bosi alitoka nyuma ya tangi akitikisa mkia, machozi ya gesi yakimtiririka, kaja kula. Bi Sindano alivua mkanda wa gauni la mteja uliokuwa begani mwake, akamfunga shingoni, na kundi la pili likatoka.

Kilima hakikuwa kirefu lakini kizimba kilikuwa kizito, na Bosi alitaka kunusa kila nguzo. Bi Sindano alipanda akikohoa na kutunga matusi. Alikuwa anayachagua kama anavyochagua vifungo, anaacha yale mepesi.

Kwenye uwanja wa shule watu walikuwa wamejaa. Mlinzi alikuwa ametenga upande wa ukuta, chini ya kivuli cha jengo, kwa wenye wanyama. Gari la Kamanda lilikuwa katikati, milango wazi, na yeye amesimama mbele ya watu akieleza jinsi ya kuandaa mnyama kwa dharura. Wifi alikuwa pembeni akiitikia kwa kichwa.

"Kitu cha kwanza ni utulivu," Kamanda alikuwa anasema. "Mmesikia kelele yoyote tangu tufike? Hamjasikia. Huyo ni mbwa aliyefundishwa." Akavuta shuka, akafungua mlango wa nyavu, akaingiza mkono kwenye blanketi.

Bi Sindano alifika nyuma ya watu akiwa bado anahema, akauona uso wa mumewe. Alitegemea kufurahi. Uso ule ulibadilika rangi, mdomo ukafunguka, mkono ukaendelea kupapasa blanketi kama mtu aliyepoteza pochi. Kisha Kamanda aliacha kila kitu na kukimbilia geti. Mlinzi akamzuia. "Mbwa wangu," alikuwa anasema, "mbwa wangu yuko kule, na mke wangu, niacheni, mke wangu yuko kule." Alisukumana na mlinzi mpaka fulana ikachanika begani.

"Umemtaja mbwa kwanza," Bi Sindano alisema nyuma yake.

Kamanda aligeuka. Bosi, mbwa asiye na hadhi hata chembe, alimrukia kifuani akamlamba uso mzima, kama vile kusahauliwa ni zawadi. Mtu mzima akaketi chini vumbini akalia kwa sauti. Watu walicheka, wengine wakaangalia pembeni. Matusi yote aliyoyachagua Bi Sindano yalimpotea, na hilo lilimkera kuliko gesi.

"Nyanyuka," alisema. "Unachafua fulana ya serikali."

Bomba lilizibwa, na jioni walirudi nyumbani. Hakuna aliyekufa. Lakini mtaa haukosi watu wa kugeuza habari, na wiki ilipoisha hadithi ilikuwa imezaliwa upya: kwa yule mtunza stoo wanyama wote walitoka salama, kwa sababu walifanya mazoezi. Kamati ya mtaa ikamwomba atoe mafunzo kwenye ukumbi wa shule.

Akakubali. Bi Sindano alipoambiwa na wifi, aliweka mkasi chini.

"Amekubali?"

"Kaka yangu hawezi kukataa kusaidia watu."

Siku ya mafunzo alivaa gauni lake zuri, akaenda mapema, akaketi mstari wa mbele, katikati kabisa, mahali ambapo msemaji hana pengine pa kutazama. Alikuwa amejiandaa. Angemwacha aseme uongo wote, aumalize, halafu asimame.

Kamanda alipanda jukwaani. Alitazama watu, kisha akamtazama mkewe.

"Mimi nilitoka na kizimba kitupu," alisema. "Mbwa nilimwacha. Paka nilimwacha. Mke wangu nilimwacha pia, nikamwita kundi la pili. Yeye ndiye aliyewatoa wote. Filimbi yangu iliwafundisha kujificha. Basi."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Wifi aliinamisha kichwa. Bi Sindano alibaki ameketi kama mtu aliyenoa kisu asubuhi nzima akakuta nyama imekwisha katwa. Alimchukia mumewe kidogo kwa kumnyang'anya siku yake. Pia alijisikia, bila ruhusa yake mwenyewe, joto fulani kifuani, akalifukuza.

"Sasa tufanyeje?" mama mmoja mwenye paka watatu aliuliza. "Siku ile wangu niliwaacha kabatini."

"Muulizeni yeye," Kamanda alisema, akashuka.

Walimgeukia. Bi Sindano alisimama pole pole na kunyoosha gauni.

"Mimi sikujua kitu," alisema. "Nilitupa matambara kwenye kizimba kwa dharau, paka akapenda. Niligonga sufuria kwa sababu nilikwama. Huo ndio utaalamu wangu wote, na bado unawazidi nyinyi." Akawatazama mmoja mmoja, wale wote waliokuwa wakicheka dakika iliyopita. "Haya, nani hapa amewahi kumwita mnyama wake akaja, kwa hiari yake, bila kumkimbiza?"

Hakuna mkono ulioinuka. Kinyozi alijikuna kichwa.

"Nilijua," alisema Bi Sindano, akapanda jukwaani. "Kaeni vizuri, maana hatutatoka mapema."