Aliyekimbia Dubai

…na sasa wamefika Dubai, nilijua watafika Dubai, hakuna Jumapili wanaume hawa wameketi kwenye viti vyangu baada ya ibada wasifike Dubai, ni chai tu inayochelewa, na chai ndiyo hii naimimina, kikombe cha kwanza, cha Mugambi, ambaye haweki sukari lakini anaweka takwimu kwenye kila kitu, Mugambi wa benki, "Wafubwa alifunga miguso mingi zaidi, ndugu zangu, fungueni simu muone, Wafubwa ndiye mkimbiaji bora kuwahi kuvaa jezi ya raga ya Kenya, na nasema mbele ya Kang'ethe mwenyewe, nimekunywa chai yake na bado nasema," na wanacheka, na Kang'ethe mume wangu anacheka nao, kicheko kizuri, kinachokuja nyuma kidogo ya vicheko vya wengine, kama mgeni kanisani asiyejua lugha, anayesimama akiona wenzake wamesimama… angalia mkono, Nyambura, chai ni ya moto… "Hujanywa bado," anasema Bramwel, "na ukiendelea hivyo hutakunywa," Bramwel, kiongozi wetu wa vijana, amesimama katikati ya zulia na viatu vyake, kwa sababu hoja ya Dubai haisemwi mtu akiwa ameketi, "takwimu, takwimu, wewe Mugambi hata kwenye harusi yako ulihesabu waliorudia pilau, ukuu hauhesabiwi, ukuu unaonekana! Mtu amepigwa goti hapa," anajigonga paji la uso, "goti la Msamoa, si la mtoto wa shule ya Jumapili, yuko chini, hasogei, mama yangu Kakamega ameshaanza kuomba mbele ya televisheni, halafu anaamka, anapewa mpira, anakimbia uwanja mzima, Wasamoa wanne nyuma yake wanashika hewa! Wafubwa pale angebebwa kwa machela." "Wafubwa alibebwa kwa machela," anasema Mugambi, "zaidi ya mara moja, na alirudi." "Umesema mwenyewe! Bingwa habebwi!"

Bingwa habebwi… Wafubwa aliyebebwa anauza bima Kisumu, ana kitambi, kila Mwaka Mpya anapiga simu na kuuliza kama kifua cha binti yetu Cheryl kilipona, anakumbuka kifua cha mtoto aliyemwona mara moja akiwa mchanga, na mimi nashika simu na kumwonea wivu mke wake, mwanamke ambaye hata simjui, naona wivu kwa sababu ya machela iliyomtoa uwanjani mapema… mbio za Dubai, kama wangejua, mbio zenyewe hazikuwa na mtu ndani yake, usiku ule Kang'ethe alinipigia kutoka hotelini, sauti safi kabisa, "Nyambura, tulishinda?" nikacheka, nikadhani ni mzaha wa mtu anayetaka kusifiwa tena, nikamsimulia mbio zake mwenyewe kwa simu, akawa ananiuliza, kisha? kisha nikafanyaje? na kwa miaka nilikuwa naisimulia kwenye karamu kama kichekesho, mpaka daktari wa Parktown, huku ugenini tulikohamia, alipotuwekea picha ya ubongo kwenye kioo, akaeleza taratibu kama mtu anayewaonyesha watu nyumba iliyoungua, pigo juu ya pigo, akasema asiendeshe gari, na mimi nikasema tutaangalia, tutaangalia! mimi niliyetoka kwenye semina ya uzamili nikiburuza kiti kwa kelele kwa sababu profesa alijifanya amesoma kitabu ambacho hakukisoma… "Basi mwenyewe yuko hapa," anasema Mugambi, "aseme, Baba Cheryl, lile goti, ulisikia nini? Uliona nini mbele yako?" na birika langu linasimama hewani, na Kang'ethe anatabasamu, anaangalia mikono yake, ile mikono, anasema, "Muulizeni Mama Cheryl, yeye alikuwa anatazama, mimi nilikuwa nakimbia," na chumba kinalipuka, wanapiga mapaja, Bramwel anainua mikono kama amefunga yeye, "Mnaona? Mnaona mtu mnyenyekevu? Wafubwa angeongea mpaka kesho!" Mnyenyekevu… mchungaji amelihubiri hilo, mwezi uliopita, madhabahuni, ndugu yetu Kang'ethe, mtu mkubwa asiyejitaja, na mimi kwenye kiti changu nikaitikia amina, amina kubwa, yenye mwangwi, kwa sababu hiyo sentensi ya muulizeni Mama Cheryl niliitunga mimi jikoni na kumfundisha mpaka ikamkaa, ndiyo pekee inayomkaa siku hizi, na inafanya kazi kila mahali, kanisani, kwa jirani, imeshindwa Diepsloot tu… alikwenda na gari kununua mkate hapo chini, Ferndale, na jioni simu ikalia kutoka mbali kabisa, lafudhi ya Tanga, "Dada, naitwa Salum, nina spaza, kiduka tu, hapa Diepsloot, bwana wako yuko kwangu, msihofu, nimempa soda, amekaa kwenye kreti hapa nje, anasema anasubiri basi la timu," basi la timu, eish, na Salum aliponikabidhi mume wangu hakuuliza kitu, alimwambia tu, "Basi limechelewa leo, kapteni, nenda na shemeji," na nyumbani niliwaambia watu tairi lilipasuka, nilimwambia hata Cheryl, tairi, mwanangu, kule kuna misumari… na usiku ule akili yake ilikuja ikakaa kidogo, kama mgeni asiyevua koti, akanishika mkono akasema, "Usiwaambie, Nyambura. Waache wabishane. Siku wakiacha kubishana, nimekwisha," nikaahidi, ungeahidi na wewe, yeyote angeahidi… kikombe hiki kinajaa polepole kweli, ni mimi, nimeinamisha birika kidogo mno… "Kapteni," Bramwel ameshusha sauti ya ubishi, ametoa kitu mfukoni, kinalia, funguo, funguo za kombi la kanisa, "Jumamosi ni wewe na vijana, Pretoria, mashindano ya raga ya watoto, wazazi wote nimewaambia nani anaendesha, wamefurahi kama ni wao wanaokwenda, saa kumi na mbili asubuhi, sharp?" na Kang'ethe anapokea funguo bila kutazama, zinatua kiganjani kama mpira ulivyokuwa unatua, "Sharp," anasema, ana neno kwa kila jambo, na mimi natafuta uongo wa Jumamosi, mafua, mgeni kutoka Nyeri, mgongo wake, mgongo ni mzuri, mgongo wa mchezaji wa zamani nani ataubishia, nitausema Ijumaa jioni, utapita, halafu kutakuwa na Jumamosi nyingine…

"Nitakaa mbele," anasema Cheryl, kwa Kiingereza chake cha Randburg, kutoka mlangoni pa jikoni, na sahani ya mandazi mkononi, haraka, kabla yangu, "mimi huwa nakaa mbele na Baba, namwambia njia, yeye anapenda kuongea akiendesha kwa hiyo mimi naangalia vibao," na anacheka, kicheko kidogo kinachofaa kabisa, na wanaume wanasema aa, binti wa baba huyo, na hakuna aliyesikia kitu, na mimi nimesikia… huwa, amesema huwa… tangu Diepsloot ameng'ang'ania kiti cha mbele, nikadhani ni redio, tukagombana juu ya redio, kumbe asubuhi zote zile za shule, mtoto wa miaka kumi na miwili, kushoto Baba, taa ya roboti imewaka kijani Baba, sasa twende, na jioni anaingia nyumbani anasema siku ilikuwa sawa, anasema vizuri, bila kupepesa, nani alimfundisha kusema vizuri namna hiyo… na ananitazama sasa juu ya mandazi, si kama mtoto, kama mwenzangu kazini, anaomba nikubali, tumeokoka tena, sisi wawili, na Jumamosi atakaa mbele na watoto wa watu nyuma yake wanaimba, na barabara kuu ya Pretoria, malori, na yeye peke yake anakumbuka kwa niaba ya gari zima… hapana. Hapana, Cheryl. "Lakini Wafubwa," Mugambi ameanza tena, "Wafubwa kwa kasi ya mita mia," "Kasi ni ya pikipiki!" anajibu Bramwel, na wanabishana, Mungu wangu, wanabishana vizuri sana, na Kang'ethe katikati yao anang'aa, yuko hai mpaka kwenye masikio, na mimi nitasema, hapa, mbele yao, si Ijumaa, si kwa simu, nitasema Bramwel, zichukue hizo funguo, mume wangu haoni njia tena, na ubishi utakatika, watamwekea mikono kichwani kuomba, wataanza kusema alikuwa, alikuwa mkimbiaji, na yeye atageuka kunitazama, na labda akili itamjia muda huo huo, yote, kamili, ajue hasa nimemfanya nini, na ni hilo ninaloliogopa, uso ule, halafu kesho asubuhi ataamka hana habari, ataniomba chai, atanishika kiuno hapa jikoni kama mke asiyewahi kuvunja ahadi, na mimi nitamwacha anishike, nikijua, kila siku nikijua peke yangu, na bado chai inamiminika, kikombe kile kile cha Mugambi, na nimevuta pumzi, na jina la Bramwel limeshafika kwenye meno…