Kila Kitu Juani

Siku Shangazi alipofariki, Fundi seremala alikuwa ndani ya banda la kuku la shemeji yake, akiifunika mashine yake ya kukereza kwa turubai. Alifanya haraka, maana Shangazi alikuwa ameahidi kupita kwake alasiri kuona kama vitu vyote vimetolewa nje. Simu ya mkewe ilimkuta hapo hapo, manyoya yamemganda mikononi. Shangazi alikuwa ameketi kibarazani kwake akingoja chai ipoe. Chai ikapoa, naye hakuinuka tena.

Katika mtaa ule, mtu ambaye maji yalizidi unga, madeni yakamfika shingoni hadi akaamua kwenda mahakamani kuomba atangazwe mufilisi, alipitia kwanza kwa Shangazi. Hakuwa wakili wala hakujifanya wakili. Alisema wakili kazi yake kusimama mbele yako, na yeye kazi yake kukaa nyuma yako. Na kweli alikaa. Benchi la mwisho, mkoba mapajani, viatu vimefutwa vumbi, kana kwamba amealikwa harusini.

Kabla ya mahakama, alikuwa na sharti lake moja. Vitu vyote vya nyumbani na vya kazini vitoke uani mchana kweupe, kuanzia kitanda hadi kijiko, jirani aone na mpita njia aone. Ndiyo maana wakambatiza Bi Anika, naye jina akalipokea kwa kicheko. Alisema aibu ni kama godoro la mtoto: ukilificha ndani linanuka, ukilianika linakauka. Mengine aliyasema akiwa anakunja nguo au anachambua mchele. Usikope leo ukijua kesho unakwenda kusema huna. Usimlipe ndugu yako kisirisiri ukawaruka wadai wengine. Usiandikishe kiwanja kwa jina la mtoto anayenyonya. Na siku ya kwenda, kula kwanza, kwani mwenye njaa huitikia hata asichokielewa.

Fundi aliyajua hayo tangu utotoni, maana alilelewa na mama huyo. Lakini mambo yalipomfika mwenyewe, moyo ulikataa. Ile mashine ndiyo iliyokereza miguu ya vitanda vya nusu ya mtaa. Aliona wakiichukua, atabaki na mikono mitupu na watoto watatu. Kesi ilikuwa Jumatatu. Akaona bora amkosee Shangazi kuliko aikose mashine. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maskhara, alimsaidia kuibeba na kumtuliza.

"Kuku hawana midomo ya kutoa ushahidi," alisema. "Wakijifunza useremala, faida yetu sote."

Baada ya mazishi watu walikaa uani kwa marehemu, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Kinyozi alieleza jinsi Shangazi alivyomkataza kuwakimbia wadai, akamlazimisha abishe hodi kwa kila mmoja na kumwambia kwa mdomo wake kwamba anakwenda mahakamani. Mmoja wa wadai hao bado humletea kichwa anyoe. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kile kinachojificha nyuma ya leso.

Kisha akazungumza mama mwoka mikate. Yeye alitaka kuificha tanuri yake, Shangazi akamketisha na kumwambia jambo ambalo hakumwambia kila mtu. Zamani, mume wake alipokufa na kumwachia madeni ya duka, Shangazi naye alikwenda mahakamani. Cherehani yake akaisukuma chini ya kitanda cha dada yake. Watu wa mahakama wakaikuta. Cherehani ikachukuliwa, ombi lake likakwama, na jina la mwongo likamganda. Baadaye karani wa mahakama akamwonea huruma, akamfahamisha kwamba chombo cha kazi, chombo mtu anachokitumia kujitafutia riziki, kingeachwa mikononi mwake kama angekitaja.

"Aliniambia hivi," mwoka mikate alisema. "'Sheria ilikuwa imeniachia. Mimi ndiye niliyejinyang'anya.'"

Fundi aliinamisha kichwa. Miaka yote aliyoishi na Shangazi alimwona akishona kwa mkono, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Waliokuwa karibu naye walidhani analia, na hawakukosea.

Jumamosi alikwenda kwa shemeji na mkokoteni. Shemeji alipinga kwanza, akisema mtu hajichomi kidole makusudi. Fundi alimjibu tu kwamba mficha uchi hazai, akavuta turubai. Juu ya mashine, mahali pa kufungia mti, kuku alikuwa ametaga.

"Na hili yai tulitaje?" shemeji aliuliza.

Wakacheka mpaka wakaketi chini, wanaume wawili wazima, kisha wakainuka. Waliisukuma mashine kupitia barabara kuu, jua la utosi, wakiitikia salamu za kila aliyesalimu. Uani kwa Fundi ikawekwa katikati ya viti na masufuria, karibu na pikipiki.

Jumatatu Fundi alikula kwanza, bakuli zima la uji. Mahakamani, hakimu alimuuliza kama kuna mali yake iliyowahi kuwekwa kwa mtu mwingine. Wakili wake alimtazama. Fundi aligeuka nyuma bila kukusudia. Kwenye benchi la mwisho alikuwepo mwoka mikate, mkoba mapajani.

"Ilikuwepo, mheshimiwa," alisema. "Mashine ya kukereza. Niliificha kwa shemeji yangu. Nimeirudisha, iko uani kwangu, hata sasa inaonekana kutoka barabarani."

Hakimu alimkemea kwa kuificha, kisha akauliza inafanya kazi gani, na nani mwingine anaitumia. Fundi alijibu alichoulizwa tu, kama Shangazi alivyomfundisha.

Pikipiki imeuzwa, na makochi pia. Mashine ameachiwa. Fundi huenda kazini kwa miguu. Jumatatu ijayo ni zamu ya mwenye duka la viatu, ambaye hana wa kumsindikiza. Fundi ameshawaambia wateja wake kwamba siku hiyo karakana itafunguliwa mchana.