Macho ya Shemeji Harlan

Shemeji yangu Harlan alifika kisiwani kwetu Vava'u akiwa kijana mwembamba, pamoja na Wamarekani wenzake waliojitolea kufundisha. Akapewa darasa la hesabu pale mjini Neiafu, na chumba nyuma ya nyumba yetu. Muda ulipokwisha wenzake wakarudi kwao. Yeye akamwoa dada yangu Kalolaine, habari ya kurudi ikaishia hapo.

Hata hivyo alibaki kuwa Mmarekani wetu, na mwenyewe alilijua hilo. Meli ya madaktari kutoka kwao ilipotia nanga, Harlan alikuwa gatini mapema, shati limepigwa pasi, akiwatafsiria wagonjwa: huyu jino, yule goti. Wazee walipomshika mkono kushukuru, aliinamisha kichwa kama vile dawa zimetoka jikoni kwake. Hatukumcheka. Raha ya mtu ukiiona usoni, hupaswi kuiharibu.

Kisha mambo yakaanza kupungua, polepole na bila tangazo. Mwaka mmoja meli haikuja, na uliofuata haikuja. Walimu wa kujitolea wakaacha kuletwa. Ofisi yao ikafungwa, viti vyake tukavipeleka shule ya Jumapili. Gati jipya lilijengwa na Wachina. Harlan akiulizwa sokoni, "Wenzako wamepotelea wapi?" alijibu, "Watakuja, wametingwa kidogo." Mwishowe akawa hajibu, anatabasamu tu.

Macho nayo yakamwingia ukungu. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja mlangoni mwa kanisa alimpa mchungaji mkono akasema, "Fusi, umependeza leo."

"Shemeji," nikamwita mimi Fusi mwenyewe kutoka nyuma, "mimi na ndevu wapi na wapi?"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini njiani alimshika Kalolaine mkono kwa nguvu na hakuuachia mpaka nyumbani.

Ndipo redio ikatangaza kwamba meli ya madaktari inakuja, na wanaoona ukungu watapasuliwa bure. Meli yenyewe ya Wachina. Kalolaine akaenda moja kwa moja kutoa shati la Harlan kabatini.

"Siendi," Harlan akasema mezani.

"Kwa nini?"

"Naona vizuri tu."

"Jana umetoka nje na blauzi yangu, mume wangu. Ya maua."

Mimi nikashindwa kujizuia. Harlan hakucheka. Aliisukuma sahani ya lu, nyama yake na majani yake vikiwa bado vinafuka moshi, na kwa mtu aliyependa lu kama yeye, hiyo haikuwa ishara nzuri.

"Mnielewe," akasema taratibu. "Maisha yangu yote hapa nimesimama upande ule wa meza. Upande wa wanaotoa. Leo nikakae benchi, nisubiri kuitwa jina? Na Wachina? Kwetu wakisikia watasemaje?"

"Kwenu wapi?" Kalolaine akauliza.

Harlan akapapasa kikombe chake.

"Harlan, kwenu wapi?"

"Hapa," akasema, sauti ndogo.

"Basi njoo ukae upande wetu. Sisi tumekaa kwenye benchi hilo tangu tuzaliwe, na hatujafa kwa aibu."

Sikumsikia akikubali. Ila asubuhi nilimkuta amevaa, anahangaika na vifungo, dada yangu anamfungia kimyakimya.

Benchi lilijaa. Watu walipomwona walitaka kumsogeza mbele, akakataa, akasubiri zamu yake katikati ya mama Lesieli na mzee mmoja mwenye kikohozi. Aliyempima alikuwa daktari wa kike, kijana, jina lake Wen, mwenye Kiingereza cha kuokoteza lakini mikono mitulivu. Siku hiyohiyo akampasua jicho moja.

Kesho yake tulirudi kufunguliwa bandeji. Daktari alipokuwa akiandaa pamba, Harlan akamwuliza, "Mtakuja tena mwakani?"

Daktari Wen alifikiri kidogo. "Sijui," akasema. "Mimi napasua macho tu. Wanaoamua safari hawaniulizi."

Harlan akacheka, cheko la kutoka tumboni, ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda mrefu. "Hata sisi tulijibu hivyohivyo," akasema. "Wazee walituuliza, tukajibu maneno hayohayo." Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa yule binti. "Asante, daktari. Asante sana."

Binti akainamisha kichwa. Nilimtazama; raha ile nilishaiona kwa mtu mwingine.

Bandeji ikatoka. Harlan alipepesa jicho, machozi yakamlengalenga. Kalolaine alikuwa amesimama mbele yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nywele zako zimekuwa nyeupe," Harlan akasema.

"Ulifikiri zimesimama zinakungoja?"

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Kalo."

Dada yangu, ambaye hata kwenye msiba wa mama alijikaza, akageukia ukuta.

Jicho la pili halijapasuliwa mpaka leo. Meli iliondoka, na hatujui itakayokuja ni ya nani. Harlan haulizi tena. Siku hizi Kalolaine akikaa kibarazani kusuka mkeka, mumewe huvuta kiti karibu, akamtazama vidole.

"Wewe mwanamume," nilimsikia juzi akimfukuza, "huna kazi?"

"Nipo kazini," akasema Harlan, akasogeza kiti karibu zaidi.