Mto Uliohifadhiwa Kuanzia Darajani

Vasanti alimpakulia mama mkwe wake wali akijua hautaliwa. Akaumwagia dengu juu, akaisogeza sahani, kisha akawahi kuzima jiko kabla mita ya gesi haijameza sarafu nyingine. Bi Pushpa hakuugusa wali. Alimenya ndizi, akaila polepole kwa chai kavu, macho yake dirishani.

Nje ya dirisha hilo kilining'inia chungu kidogo cha shaba, kimefungwa kwa kamba kwenye fremu, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa chekundu. Ndani yake alikuwamo Kailash, mtoto wa Bi Pushpa na mume wa Vasanti, au kile walichorudishiwa baada ya kuchomwa. Majivu ya maiti hayalazwi ndani ya nyumba wanamokaa watu, na nyumba yao yote ilikuwa chumba hicho kimoja.

"Nitakula nafaka siku mwanangu akifika kwenye maji yanayokwenda," Bi Pushpa alisema kwa Kigujarati, kama alivyosema jana na juzi.

"Leo, Ba," Vasanti alimjibu, akimwita mama kwa lugha yao. "Leo naenda kwa wenye mto kuchukua jibu."

"Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kumuaga maiti wake?"

Swali lilikuwa la haki, na mikono ya mkongwe yule ilikuwa imekonda mpaka bangili zilimfika kwenye kiwiko.

Kosa lao lilikuwa kuomba. Watu waliotoka Unguja, kama wao, waliijua serikali. Kule mtu aliomba kibali cha kupiga ngoma ya harusi, kibali cha kusafiri, kibali cha kuuza friji lake mwenyewe, na asiyeomba alifuatwa nyumbani. Kwa hiyo Kailash alipofariki, kifua kimeliwa na mvuke wa kiwandani, rafiki yake Mbarouk alishauri waende kwa wenye mto wakaombe kwa adabu. Mbarouk alikuwa karani wa forodha Unguja zamani, na sasa kondakta wa basi hapa London. Alisema kuuliza si ujinga. Waliotunga msemo huo hawakuwahi kuiuliza kitu halmashauri ya Kiingereza.

Mto wenyewe, Tarrow, ulikuwa kijito tu kilichopita nyuma ya viwanda karibu na Kingsbury. Miaka nenda miaka rudi watu waliutupia magodoro, baiskeli na majiko mabovu, na halmashauri haikuuona. Kisha waheshimiwa wenye nyumba za bustani upande wa chini wakagundua kwamba una ndege. Ikaundwa kamati. Kamati ikanywa chai mara nyingi, na mwaka huo wa 1973 Tarrow ukatangazwa kuwa mto wa asili, wenye mandhari, usioguswa.

Baraka zikaanza kuwashukia wanyonge papo hapo. Wazee waliokuwa wakivua samaki wakafukuzwa, watoto wakazungushiwa waya, na mwenye nyumba wa Vasanti akapandisha kodi kwa sababu nyumba yake sasa ilikuwa jirani na mandhari. Dirisha la Vasanti lilitazamana na banda la makaa. Hata hivyo mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwonya kwamba kile chungu kinaharibu sura ya mtaa.

Mbarouk akapiga hodi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko lakini alivaa sare ya basi, kofia na vifungo vyote, kwani aliamini kwamba sare humfanya Mzungu akusikilize mpaka mwisho wa sentensi. Akamwamkia Bi Pushpa, akafungua kamba, akakiteremsha chungu dirishani kwa mikono miwili, akamkabidhi Vasanti. Vasanti akakiweka kwenye kikapu cha sokoni, na juu yake akalaza fungu la maua ya manjano. Ruhusa ikipatikana, alitaka aende moja kwa moja.

"Shemeji, leo usiseme majivu," Mbarouk alimwambia njiani. "Sema remains, yaani mabaki. Hawa majivu kwao ni ya sigara."

"Nikisema hivyo watanielewa?"

"Kuelewa wataelewa. Kukubali ndiyo shughuli nyingine."

Aliyewapokea ofisini alikuwa Bwana Pettifer, ofisa wa mto. Alikuwa na ndevu nyekundu na sauti laini, na alivaa viatu vya kupandia milima humo humo ofisini, pengine kwa kuhofia kwamba mto ungemwita ghafla. Ukutani alikuwa na ramani ya Tarrow, imepakwa rangi ya bluu mbichi ambayo Tarrow haukupata kuwa nayo.

"Bibi Patel," alianza.

"Mimi si Patel. Naitwa Vasanti Thakkar."

"Samahani. Nimelifikiria sana ombi lako. Nataka ujue kwamba mimi binafsi nawaheshimu sana watu wenu na desturi zenu. Ni bahati mbaya tu. Kama ungelikuja mwaka jana, kabla ya hifadhi, pasingekuwa na tatizo."

"Mwaka jana mume wangu alikuwa hai."

Bwana Pettifer aliinamisha kichwa kwa muda aliodhani unatosha. "Amri inasema hakuna kitu kigeni kuingizwa mtoni. Nikikuruhusu wewe, kesho atakuja mwingine."

"Na kiwanda?" Vasanti aliuliza. "Mume wangu alikuwa akipaka bampa za magari kromu. Kila Ijumaa alifungua matangi. Asidi, maji ya kijani, yote yanaingia Tarrow. Mimi naosha vyombo kwenye kantini hapo hapo. Nayaona kwa macho yangu."

"Ah." Ofisa alifurahi, kwa kuwa hapa alikuwa na ramani. Akaweka kidole. "Kiwanda kiko juu ya daraja, upande maji yanakotoka. Hifadhi inaanzia darajani kwenda chini. Juu ya daraja amri hii haihusiki kabisa. Ndiyo makubaliano tuliyofikia. Kiwanda kina haki zake za tangu zamani."

Mbarouk aliinamia ramani, kofia mkononi. "Na maji, yameambiwa daraja liko wapi?"

"Lazima tuanzie mahali fulani, bwana."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Bwana Pettifer ulikuwa na meno upande mmoja tu, na upande huo ulimwelekea mjane mwenye kikapu.

"Kuna bahari Southend," akaendelea kwa upole. "Treni inafika."

"Bahari inakwenda na kurudi. Mama mkwe wangu anataka maji yanayokwenda."

"Basi iko mito mingine, ila kila mto una ofisi yake. Mnaweza kupeleka ombi. Au, kama kuna jamaa, mngempeleka kwenu."

Jamaa alikuwepo. Mdogo wake Kailash, ambaye kwa desturi ndiye angekibeba chungu kile, alikuwa Nairobi na pasipoti ya Uingereza mfukoni, akisubiri vocha ya kumruhusu kuingia Uingereza. Waliompa pasipoti ndio waliomfungia mlango. Vasanti hakuona faida ya kumweleza hayo mtu aliyevaa viatu vile.

"Jambo moja zaidi," Bwana Pettifer alisema akisimama. "Msije mkajaribu wenyewe. Sasa jina lako tunalo. Itakuwa faini, na mimi sitapenda." Kisha akakumbuka adabu. "Leo saa kumi tunazindua kibao cha mto, chini tu ya daraja. Karibuni. Ni sherehe ya wote."

Nje, Mbarouk alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Ni mimi niliyekwambia tuombe," alisema. "Nisamehe, shemeji."

"Njoo unichukue getini saa kumi," alijibu Vasanti. Akaenda kazini, maana msimamizi alikuwa amemruhusu asubuhi tu, na asubuhi hiyo angekatwa mshahara.

Kantini ilinuka mafuta ya kondoo. Doreen, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akiosha naye masufuria, alitazama kikapu chini ya sinki, akatazama uso wa mwenzake, akauliza. Vasanti akamweleza yote.

"Uliuliza?" Doreen alishangaa kweli. "Kwa nini uliuliza, mpenzi? Mimi Prince wangu nilimmwaga pale pale chini ya daraja, mwezi uliopita. Hata nilipiga picha."

"Prince ni nani?"

"Mbwa wangu. Maskini, alipenda sana kuogelea."

Vasanti aliendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata. Hasira ilimpanda. Hakumkasirikia Doreen, mwanamke mwema aliyemletea supu Kailash alipokuwa akikohoa damu. Alijikasirikia mwenyewe, na ile adabu yake ya kwenda kupiga magoti mbele ya mtu ambaye asingemwona kama asingejipeleka. Mbwa alikuwa amepita. Mtu aliyepaka bampa zao kromu mpaka mapafu yakakauka alikuwa anasubiri kwenye kikapu, chini ya sinki.

"Na ungeyaona maji leo, ingawa ni Ijumaa," Doreen alisema. "Yanaonyesha mpaka mawe. Meneja kakataza matangi yasifunguliwe mpaka saa kumi na moja, wageni wa kibao wakishaondoka. Yule mwenye ndevu alikuja mwenyewe kumwomba, asije akaaibika mbele ya wakubwa."

Vasanti alifunga bomba. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, akainama, akatoa kikapu.

Mbarouk alimkuta getini, lakini Vasanti hakutoka. Alimvuta ndani. Mlinzi aliona sare, akadhani ni mtu wa zimamoto, akawaacha wapite. Wakazunguka mapipa mpaka nyuma ya kiwanda, pale ambapo bomba pana la chuma lilitoka ukutani na kufungua mdomo juu ya mto. Ukuta chini ya bomba ulikuwa na rangi ya kijani isiyotoka. Lakini bomba lilikuwa kavu, na Tarrow ulipita hapo chini mweupe na mwepesi, ukisema na mawe yake.

"Shemeji, watatukamata," Mbarouk alinong'ona.

Vasanti alielekeza kidevu upande wa kulia, ambako daraja lilionekana. "Tuko juu ya daraja."

Mbarouk aliangalia daraja, akaangalia bomba, akaelewa. Akavua kofia. "Mimi dua zangu na zake ni mbalimbali," alisema. "Lakini nitasimama."

Vasanti alivua viatu, akashuka kwenye mawe, maji ya Aprili yakamuuma miguu. Akafungua kitambaa. Kule kwao mwanamke hasimami mahali pale, kazi hiyo ni ya mwana au ndugu, na yeye alikuwa hana mwana, na ndugu alikuwa amezuiwa na mhuri. Alisema maneno aliyoyakumbuka, akaliita jina la Kailash, akakiinamisha chungu. Majivu yalikaa juu ya maji kidogo, yakatandaa, yakaondoka. Vipande vizito vilizama. Kisha akatupa maua, moja moja kwanza, halafu yote.

Hakulia. Alipanda, akavaa viatu kwenye miguu iliyolowa, wakatoka getini na kwenda kusimama darajani kumsindikiza Kailash.

Chini yake wageni walikuwa wamekusanyika: mabwana wa kamati, mabibi wenye kofia, mpiga picha wa gazeti. Palikuwa na meza ya chai na keki. Mama mmoja mwenye mkufu wa cheo alikuwa amevuta pazia la kibao, akizungumzia maji safi tuliyoachiwa na wazee wetu tuwaachie watoto wetu. Waya wa kuzuia watoto ulikuwa nyuma yake.

Maua ya manjano, yaliyocheleweshwa na mawe, yakatokea chini ya daraja. Yalikuja mengi, yamefuatana, na kati yake maji yalibeba utando mwembamba wa kijivu.

"Jamani, wazo zuri lililoje," mama wa mkufu alisema. "Nani aliyefikiria maua?"

Wakapiga makofi. Mpiga picha alikimbilia ukingoni, akapiga picha, akawaomba wasogee ili wote waonekane na maua.

Bwana Pettifer peke yake hakupiga. Aliutazama ule utando wa kijivu, kisha akainua macho taratibu mpaka darajani. Akamwona Vasanti na chungu mkononi, kimeelekezwa chini, kitupu. Wakatazamana. Alifungua mdomo, na Vasanti akangoja asikie atakachosema. Kwani angesema nini? Akisema kwamba utando ule umetoka juu ya daraja, ingembidi awaambie wakubwa wake ni nini kingine hutoka juu ya daraja, na kwa nini leo hakijatoka. Akaufumba mdomo. Akaangalia kulia na kushoto, akaona kila mtu anapiga makofi, akapiga na yeye.

"Mnafiki we," Mbarouk alisema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, huku akimtabasamia na kumgusia kofia.

Walisimama mpaka ua la mwisho lilipopotea kwenye kona. Wageni wakamaliza keki, wakaingia kwenye magari. Vasanti na Mbarouk walipokuwa wanashuka darajani king'ora cha kiwanda kililia, na bomba likaanza kutapika. Maji ya kijani yakapita chini ya daraja, yakakipita kibao kipya, yakaelekea kwenye nyumba zenye bustani.

Nyumbani wali ulikuwa bado mezani, umepoa na kushikana. Bi Pushpa alitazama chungu kitupu, asiulize mengi.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, Ba."

"Maji yalikuwa safi?"

Vasanti alikaa kitandani, akavua viatu vilivyolowa. "Safi, Ba. Leo walikuwa wameyasafisha."

Bi Pushpa akanawa, akaivuta sahani, akaanza kula.