Mume Wangu wa Chekechea

Niliitwa chekechea kwa kesi ya mume wangu. Usishtuke. Mume wangu ana miaka mitano na hajui kufunga kamba za viatu. Ni mjukuu wangu. Tulimpa jina la marehemu babu yake, Mbwana, na kwetu Munje mjukuu aliyebeba jina la babu ni mume wa nyanya. Akichelewa mchezoni namuuliza, "Umetoka kwa mke gani?" Akimwaga uji namwambia, "Ndiyo maana mamangu alikukataa." Naye hanyamazi, hunijibu. Ndio utani wetu, na hakuna jirani aliyewahi kuuliza.

Lakini mwalimu mshauri ni mgeni. Anaitwa Maryanne, binti wa bara, amekuja na shahada ya saikolojia na moyo mzuri. Alimwambia Mbwana achore familia yake. Mtoto akajichora ana mkongojo, akanichora mimi ubavuni, akasema, "Huyu mke wangu. Mkorofi, lakini samaki wa kupaka anajua kupika." Siku ileile akamzaba kofi mwenzake aliyemwita mtoto.

Tangu nipate habari sikutulia. Nilifagia ua niliokwisha kuufagia. Nilikwenda dukani nikasahau nilichofuata. Binti yangu Twaiba, mamake Mbwana, anayetandika vitanda hotelini Diani, alikuwa amenipigia simu: "Mama, mwalimu akisema mtoto ametatizika, namchukua nikae naye Ukunda." Mtoto niliyemlea tangu hajaota jino! Akiondoka, nyumbani nibaki nikitaniana na nani, kuku?

Siku ya kesi, mimi na Twaiba tukakalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakatugusa kidevu. Ukutani palikuwa na picha ya mtoto anayepanda ngazi: huku anatambaa, pale amesimama, juu anasoma.

"Shikamoo, shosho," akasema Maryanne.

"Marahaba, mwanangu. Ila mimi si shosho, jina hilo la bara lina baridi. Niite nyanya."

"Sawa, nyanya. Sasa, kuna nadharia nyingi za vile mtu hukua. Kuna wale wanasema mtu ni jeni, yaani vitu amerithi kwa damu."

"Hao wamesema kweli. Kidole chake cha pili cha mguu kimelipita gumba, kama cha babu yake. Na uvivu ni uleule."

"Mama!" Twaiba akanifinya.

"Wengine wanasema ni malezi. Halafu kuna wale wanachimba mambo ya ndani ya akili. Wanasema mvulana wa umri huu humpenda mamake kwa siri, anataka kuchukua nafasi ya babake."

"Kwa siri? Huyu wangu anatangaza mtaa mzima. Aliyesema hayo hakuwa na nyanya wa kumtania?"

Maryanne akacheka, kisha akajikaza. "Nyanya, huyu mtoto ameruka hatua. Wenzake wakicheza yeye anakaa kando, anasema magoti yanamuuma. Na anakohoa kama mzee, na kifua chake hakina kitu."

Pale Twaiba akanigeukia. "Anakohoaje?"

Mwalimu akaigiza: mara moja fupi, kisha kuvuta pumzi, kisha mbili za nguvu.

"Hicho kikohozi ni cha baba," Twaiba akasema polepole. "Na baba alikufa Mbwana hajazaliwa. Amekisikia wapi, mama?"

Nikasimama, nikakaa. Nikafunga leso, nikaifungua. Ningesemaje kwamba jioni humwigizia mtoto babu yake alivyokohoa? "Muulize mwalimu," nikasema. "Pengine ni jeni."

Hakucheka mtu.

"Muhula huu atakaa nami Ukunda," akasema Twaiba.

Nilibakiwa na hila moja. "Vyema. Lakini mimi si mwanamke wa kuachwa kwenye mataa. Mume akihama, aniache kwa adabu. Mwiteni anipe talaka yangu." Moyoni nilijua: atanishika leso, ataangua kilio, na kesi itakwisha.

Akaja, uji kidevuni.

"Mamako anataka kukuhamishia Ukunda," nikamwambia. "Je, bwana, unaniacha au huniachi?"

Akawaza. Akamtazama mamake. "Ukunda kuna tuktuk?"

"Tele."

Akakohoa kidogo. "Basi nimekuacha."

Akatoka mbio kuwapa wenzake habari, anapiga kelele kama mtoto yeyote. Maryanne akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikafunga tena leso ambayo haikufunguka.

"Mama," Twaiba akanishika bega, "ni mtoto tu."

"Ndivyo ninavyoona."

Tulipofika mlangoni nikawageukia. "Mmesikia nyote? Ameniacha moja. Talaka moja ina rejea."

"Rejea ni nini?" akauliza Maryanne.

"Ana haki ya kunirudia kabla eda haijesha. Na eda ya ajuza kama mimi ni miezi mitatu. Shehe asinisikie tu."

Twaiba akahesabu kwa vidole, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Mpaka shule zifungwe, basi. Likizo nitamleta."

Basi niko edani. Mwanamke wa eda hutakiwa atulie nyumbani. Nani atulie? Mtoto ameondoka jana, nami tangu asubuhi nakwenda barabarani kutazama gari zinazotoka Ukunda.