Mizani Iliyoitwa Maiti

Katika maabara ya chuo cha kilimo kule Minya, Misri, kulikuwa na mizani kubwa ya Kijerumani, na kazi yake ilikuwa kubeba glasi ya chai ya Daktari Shawkat. Kioo chake cha namba kilizimika zamani, Shawkat akakigonga kwa ukucha, akatangaza kwamba mizani imekufa, na tangu siku hiyo ikawa meza yake. Hakuna aliyempinga. Alama zote zilipita mkononi mwake, kwa hiyo alichosema kilikuwa elimu, na akitoa mzaha usiochekesha, darasa zima lilivunjika mbavu.

Damiana hakucheka. Huo ndio ulikuwa ubaya wake wa kwanza. Wa pili ni kwamba alikataa kwenda kwenye ile ofisi ya mbele ya geti, inayowauzia wanafunzi miradi ya kumalizia chuo ikiwa tayari imechapwa na kujalidiwa. Wenzake waliinunua, Shawkat akaipitisha bila kuifungua, na wote wakaitana wataalamu. Damiana aliwaona wote hawana maana, na hakujisumbua kuificha sura yake ya dharau walipopita.

Mradi wake ulikuwa kukausha bamia kwa jua, ndani ya sanduku la mbao na kioo alilolipigilia misumari mwenyewe. Alichohitaji ni uzito wa bamia zile tangu jua linapochomoza hadi linapozama, namba baada ya namba, bila kuzigusa. Bila namba hakuna mradi, na bila mradi angerudia mwaka. Ami yake, aliyemlea tangu baba afariki, alikwisha kusema wazi kwamba kurudia mwaka hakupo: akifeli, arudi nyumbani akaolewe na mtoto wa muuza mbolea. Damiana alikuwa amemwona huyo mtoto wa muuza mbolea. Alikuwa akipumua kwa mdomo.

Basi siku moja akaiondoa glasi ya chai, akaichomeka ile mizani kwenye umeme na kuibandika kiganja. Ilikuwa ya moto. Kitu kilichokufa hakipati moto! Akaigeuza, na nyuma yake akakuta tundu pana la kizamani, la pini tisa, lile ambalo zamani kila kompyuta ilikuwa nalo. Mizani ilipofuka uso, lakini mdomo wake ulikuwa mgongoni, na hakuna msomi hata mmoja aliyewahi kuugeuza mgongo huo.

Shida ni kwamba laptopu yake, nyembamba na yenye maringo, ilikuwa na matundu mawili tu ya USB. Kifaa cha kuunganisha, kile cha maana, kilikuwa na bei ya kumlaza njaa mwezi mzima. Akaenda sokoni kwa Zaghlul, muuza vikorokoro, akachakura ndani ya kapu la nyaya zilizong'olewa kwenye mashine za maduka yaliyofungwa.

"Hii ya asili kabisa, daktari wangu," Zaghlul akasema, akimpungia kebo ya buluu yenye kichwa cha pini tisa upande mmoja na cha USB upande wa pili. "Imetoka kiwandani jana."

"Jana ya mwaka gani? Ina masizi ya jiko la mtu."

"Masizi ndiyo dhamana yake, dada. Imefanya kazi."

"Na wewe lini utafanya kazi? Nipe kwa nusu, nikuondolee uchafu dukani."

Akapewa kwa nusu. Ilikuwa ya kughushi, kama alivyojua. Laptopu iliikataa palepale, ikidai haimfahamu huyu mgeni, hadi Damiana alipoitafutia programu ya zamani isiyochagua rafiki. Mgeni akakubaliwa. Mizani ikanyamaza kimya.

Akaitukana mizani, akamtukana Zaghlul, akawatukana Wajerumani. Halafu akaifungua kebo na kuifuatilia waya kwa waya, na kuona upuuzi wenyewe: mizani ilikuwa ikisemea kwenye waya uleule ambao laptopu nayo ilisemea, na ule wa kusikiliza zote mbili zimeutegea sikio. Ni kama kikao cha walimu wa chuo chake. Akazikata nyaya mbili, akazipishanisha, akazilehemu na kuzifunga kwa plasta ya kidonda. Sasa yakaja maandishi ya ajabu, takataka tupu, kwa kuwa mizani ya zamani husema polepole na laptopu ilikuwa ikisikiliza mbio. Akaipunguza mbio laptopu. Namba ya kwanza ikatokea kwenye kioo cha laptopu, safi, na Damiana akaangua kicheko peke yake katikati ya maabara.

Siku ambayo Shawkat hakuja, sanduku likapandishwa juu ya mizani, penye jua; bamia zikakauka, namba zikaandikwa, mradi ukapelekwa.

Siku ya kuutetea, aliletwa mtahini wa nje, Daktari Nevin kutoka Kairo, mama mnene asiye na maneno mengi. Damiana alikuwa ameiweka mizani mezani, imeunganishwa, laptopu imemwelekea mgeni. Kabla hajafungua kinywa, Shawkat akaingia na glasi yake, na kwa mazoea ya miaka yote akaiweka palepale, juu ya sahani ya mizani.

"Mheshimiwa daktari," akamwambia Nevin, "nisikupotezee muda. Huyu binti ameleta kurasa za namba, na anadai zimetoka kwenye mzoga huu." Akaipiga mizani kofi. "Mimi mwenyewe niliithibitisha kuwa imekufa. Namba hizi kazipika nyumbani, pamoja na bamia zake."

"Daktari, ningeomba..." Damiana alianza.

"Wewe nyamaza! Fundi redio mkubwa wewe. Waya umefungwa plasta, utadhani umetoka kutahiriwa!" Wenzake waliojazana mlangoni wakavunjika mbavu. Shawkat akanyanyua glasi, akanywa funda la ushindi, akairudisha. "Mwaka atarudia. Akajifunze adabu kwanza."

Nevin hakucheka. Alikuwa ameinamia laptopu, miwani imeshuka puani.

"Daktari Shawkat," akasema, "hebu kunywa tena."

"Nini?"

"Chai yako. Kunywa tena, kisha uirudishe."

Akanywa, akairudisha. Nevin akaigeuza laptopu kumwelekea Shawkat. Pale palikuwa na uzito wa glasi alipoingia nayo, namba iliyoruka juu alipopiga kofi, sifuri alipokunywa, kisha uzito uliopungua kwa funda moja, kisha sifuri tena, kisha uzito uliopungua kwa mafunda mawili.

Damiana alimtazama Shawkat tu, kwa sura ileile aliyowatazamia wote.

Shawkat akapeleka mkono aiondoe glasi, akakumbuka, akasita. Akiinyanyua, itaandikwa. Akiiacha, itaandikwa. Akabaki ameishika vilevile, haiinui wala haiachi, na laptopu ikawa inaandika jinsi mkono wake unavyotetemeka.