Nguzo za Jiko la Zamani

Donatille wa Rugerero, Mama Ineza kwa waliomzoea, hakuwa mtu wa kupenda wadudu. Jiko lake la zamani lilisimama juu ya nguzo za mikaratusi, na ndani ya nguzo hizo waliishi nyuki wakubwa weusi, wale wasio na asali wala adabu, wanaotoboa mbao na kumwaga vumbi lake kwenye sufuria ya maharage. Kwa miaka aliwatukana kila asubuhi kabla hata ya kusalimia watu. Basi alipomaliza jiko jipya la matofali, alilibomoa lile la zamani kwa furaha. Siku ya mvua, nyuki wakiwa wamejikunyata ndani, nguzo zikapakiwa garini na kupelekwa Mbugangari kwa rafiki yake Rayhana, zikawe kuni.

Rayhana ndiye aliyenunua pasheni za Donatille, marakuja kama wanavyoziita huko, tangu Donatille afiwe na mumewe. Alizikamua na kuuza juisi kwa wanawake wanaovuka mpaka kwenda Goma. Uani kwake ulikuwapo mmea mmoja tu wa marakuja, uliotokana na mche aliopewa na Donatille huyohuyo. Zile nguzo zilikuwa mbichi kwa mvua, akaziegemeza ukutani zikauke, akazisahau.

Msimu uliofuata shamba la Donatille lilichanua vizuri. Maua yakafunguka asubuhi, yakajifunga, yakaanguka. Akatia samadi, akanyunyiza majivu, akaomba kanisani, na maua yakazidi kuanguka bila kuacha tunda. Shamba lile ndilo lililokuwa likimlisha, na hofu ilimshika hasa. Siku aliyokwenda kwa Rayhana kutafuta faraja, aliinua macho akakuta ule mmea mmoja umeinama kwa uzito wa matunda.

Kikulacho ki nguoni mwako, moyo ukamwambia. Amechukua nguzo zangu, na mavuno yangu yamezifuata.

"We Rayhana, hii yako ilikuwaka haizai. Umeifanyia nini?"

"Mi? Hata maji nasahaulaka kuimwangia!" Rayhana akacheka. "Ni Mungu tu, Mama Ineza. Ikala, unywe."

Akamvutia kigoda, akamimina juisi, akaionja kwanza mwenyewe, maana ndivyo mwenyeji anavyomwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu, kisha akampa. Donatille akakipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini kikiwa kimejaa. Wateja waliokuwa mlangoni waliona. Akaaga, akaondoka. Hakutamka neno baya hata moja, wala hakuhitaji: kukataa kikombe kilichokwisha kuonjwa ni kumwita mwenye nyumba mlozi mbele ya watu.

Ulimi hauna mfupa. Habari ikapita sokoni, ikafika mpakani kabla ya wenye mizigo, na kila aliyeibeba aliongeza chumvi yake, mpaka ikasemwa kwamba dawa ya kuiba mavuno imefichwa ndani ya zile nguzo zilizoegemezwa ukutani. Kabla mwezi haujaisha juisi ya Rayhana ilikuwa ikichacha ndooni, na majirani wakawaita watoto wao ndani alipopita. Donatille aliyasikia yote hayo akanyamaza. Tuseme ukweli, kuna mahali moyoni mwake palifurahi.

Nguzo moja ya zamani ilikuwa imebaki kwake, imeshikilia zizi la mbuzi. Asubuhi moja alikwenda kumfungua mbuzi, akaona mmea uliotambaa karibu na zizi umeshika matunda. Akasimama kama aliyepigwa. Nyuki mkubwa mweusi akatoka kwenye tundu la nguzo, akaingia katika ua, mgongo wake ukasugua ule unga wa njano unaoning'inia juu, akatoka amepakwa unga, akaingia ua la pili. Donatille akalizunguka shamba zima. Karibu na zizi kulikuwa na matunda. Mbali na zizi, hakuna kitu.

Aliketi kwenye matope akalia kwa aibu. Wale aliowatukana miaka yote ndio waliokuwa wakimlisha, na aliwafukuza kwa mkono wake, kisha akamtwika mtu mwingine lawama. Akachuma tunda moja, akapanda pikipiki mpaka Mbugangari.

Moshi aliuona akiwa bado barabarani. Uani kwa Rayhana wanawake walikuwa wamejaa, na katikati yao moto mkubwa ulikuwa ukiwaka.

"Rayhana! Hizo nguzo, usichome!"

"Nimechoma zote." Macho ya Rayhana yalikuwa mekundu, na si kwa moshi tu. "Kila mutu aone, hakuna dawa ndani."

"Manyuki yalikuwa ndani! Ile meusi. Ndiyo inafanyaka maua ishike tunda. Rayhana, haikuwa we. Ni mimi nilikosa."

Juu ya vichwa vyao maua ya marakuja yalikuwa wazi, na hakuna kilichoyagusa.

"Nipe juisi," Donatille akasema.

Rayhana akaiendea ndoo. Akamimina kikombe, na safari hii hakuonja. Akakinyoosha hivyohivyo.

Donatille akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akakigeuza chini watu wote waone.

"Nani mwingine?" akauliza. "Njooni munywe."

Wanawake hawakusogea. Walikuwa wakimtazama yeye, wakisubiri kuona kama ataanguka.